Mfereji wa Asilimia Mia Moja na Moja

Nchi ninayoisimulia haimo katika ramani iliyobandikwa darasani kwetu. Mwalimu wa jiografia aliitafuta kipindi kizima akakata tamaa, kwa hiyo nawe msomaji usijisumbue kuchungulia dirishani. Ni nchi nzuri. Ina amani, ina mito mitatu, na ina Wizara ya Maji na Uhakika.

Zamani iliitwa Wizara ya Maji tu. Neno Uhakika liliongezwa siku Mheshimiwa Waziri aliporudi kutoka mkutano wa ng'ambo, ambako wataalamu walimweleza kwamba ufanisi wa mifereji ya umwagiliaji hupimwa katika hali ya mashaka. Waziri alikasirika sana. Aliwaambia waandishi wa habari pale pale uwanja wa ndege, kabla hata hajavishwa shada la maua:

"Nchi yangu haina hali ya mashaka. Ina hali ya hewa tu."

Kufikia jioni shaka lilikuwa limepigwa marufuku. Mwananchi aliyekuwa nalo aliruhusiwa kukaa nalo nyumbani kwake, lakini kulitoa mbele ya watu likawa kosa la jinai.

Sisi tuliosoma shule za bweni hatuhitaji kuchorewa ubaoni maana ya ufanisi wa mfereji. Jikoni wanapika uji. Uji unaanzia meza ya viranja, unakwenda ya pili, ya tatu, na njiani unamwagika, unaonjwa, unaongezwa kwa marafiki. Ukilinganisha uji uliofika kwenye vikombe na uji uliotoka jikoni, umepata ufanisi. Mimi nilikaa meza ya mwisho miaka minne. Sayansi hii naijua kwa tumbo.

*

Mfereji wa Mbwigani una urefu wa kilomita nne. Unachukua maji mtoni kwenye mlango wa chuma, kisha unateremka ukinywesha mashamba sitini na mawili ya mpunga yaliyopangwa kama madawati. Mgawa maji wake aliitwa Bi. Zamoyoni, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe aliyevuka bonde.

Wakulima wa Mbwigani wana desturi moja ambayo Wizara haijawahi kuielewa. Mtu akichaguliwa kugawa maji, anahamishwa shamba. Anapewa la mwisho kabisa, la sitini na mbili, na analima hilo mpaka siku atakayoacha kazi. Akipendelea mtu huko juu, mpunga wake ndio unaokauka kwanza. Hawana kamati ya maadili, hawana fomu ya kutangaza maslahi. Wana shamba la sitini na mbili. Bi. Zamoyoni alikuwa amelilima mwaka wa kumi na moja.

Wizara ikamtuma Mhandisi Lutengano kwenda kupima ufanisi wa mfereji huo. Alikuwa mtu mkweli, kasoro ambayo chuo kikuu kilishindwa kuirekebisha. Chombo cha Wizara cha kupimia mwendo wa maji kilikuwa kimefungiwa kabatini ili kisilowe, kwa hiyo akatumia machungwa. Njia hii si mzaha: unaachia chungwa juu ya maji, unatazama saa, unaona linachukua muda gani kupita umbali unaoujua. Ukijua na upana na kina, unaweza kukisia maji yanayopita.

Aliachia machungwa mia mbili kwa siku kumi na moja. Mengine yalinasa kwenye majani. Mengine yaliliwa na watu waliokuwa wakifua, na walipohojiwa walisema hawakujua kwamba ni ya serikali. Siku ya tano mvua ilinyesha. Siku ya nane fahali aliingia mferejini akalala, na hakuna kanuni ya Wizara inayoeleza fahali anaingizwa wapi katika hesabu.

Ripoti yake ilikuwa na mstari mmoja: *Ufanisi wa Mfereji wa Mbwigani ni asilimia arobaini na moja, kujumlisha au kutoa sitini.*

Waziri alimwita ofisini.

"Mhandisi, hii kujumlisha au kutoa ni ya nani?"

"Ni sha..." Lutengano akalimeza neno. "Ni nafasi, Mheshimiwa. Nafasi ya kipimo kupumua."

"Nikitoa sitini kwenye arobaini na moja napata nini?"

"Hasi kumi na tisa, Mheshimiwa."

"Yaani mfereji wangu unawanyang'anya wakulima maji na kuyarudisha mtoni?"

"Kwa hesabu tu, Mheshimiwa. Kwa macho hapana."

Waziri alisimama akatembea mpaka dirishani, kama wanavyofanya wakubwa wote wanapotaka kusema jambo litakalopigwa chapa.

"Kutoa ni tabia ya watu wasioitakia mema nchi hii. Serikali inajumlisha. Futa kutoa."

Lutengano akafuta.

"Sasa jumlisha."

"Mia moja na moja, Mheshimiwa."

Katibu Mkuu akapiga makofi peke yake, mpaka wengine walipoelewa.

Haikuishia hapo, kwa sababu Wizara ina wanafikra. Waliketi siku mbili wakaona jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliona. Mfereji ukiupa lita mia nao ukatoa lita mia na moja, ile moja imetoka wapi? Imezaliwa humo humo. Na mfereji unaozaa maji unahitaji mto wa nini? Amri ikatoka: mlango wa Mbwigani ufungwe, na maji ya mto yaelekezwe mji mkuu, kwenye Chemchemi ya Uhakika, ambayo hurusha maji hewani mbele ya Wizara tangu asubuhi hadi jioni, isipokuwa saa ya chakula cha mchana.

Mlango ulifungwa Jumatatu asubuhi ukapigwa lakiri, muhuri wa serikali. Mpunga wa Mbwigani ulikuwa unachanua.

*

Mpunga unaochanua hauna subira. Ukikosa maji siku nne, tano kwa bahati, mashuke yanasimama wima na kupendeza, lakini ukiyabinya ndani hamna kitu. Ni mapepe matupu. Mpunga wa mwaka mzima unaweza kufa ukiwa umesimama hivyo, na mpita njia akausifia. Kwa hiyo Mbwigani walikuwa na hadi Ijumaa jioni.

Jumanne Bi. Zamoyoni alikwenda ofisi ya wilaya. Karani alimpa fomu, akaisoma kwa sauti, akaichukua tena.

"Ombi la kupimwa upya liambatane na chupa ya maji yaliyochotwa ndani ya mfereji husika."

"Mfereji hauna maji."

"Basi hakuna cha kupima, mama."

"Ndiyo maana nimekuja, baba. Mfungue, yaje, ndipo mpime."

"Hatuwezi kufungua kabla ya kupima." Karani akainua uso polepole. "Au una shaka na kipimo cha kwanza?"

Foleni nzima ilitazama sakafu. Mzee mmoja alianza kukohoa ili asisikie jibu.

"Mimi sina," alisema Bi. Zamoyoni. "Mpunga wangu ndio una kiu."

Jumatano udongo ulianza kupasuka. Mzee Chikoti, mwenye shamba la sitini na moja, alitia mkono kwenye ufa ukazama hadi kwenye saa yake. Alhamisi ukazama hadi kiwiko, na saa alikuwa ameiacha nyumbani.

Mchana huo pikipiki ya serikali ilifika kwa Bi. Zamoyoni. Mhandisi Lutengano aliteremka, akasahau kuvua kofia ya pikipiki, akaanza kuongea humo humo ndani.

"Vua ndoo hiyo kichwani, mwanangu, sikusikii."

Akavua. "Anakuja kesho. Mheshimiwa mwenyewe. Anataka kuona kwa macho yake mfereji unaozaa maji."

Mzee Chikoti, aliyekuwa ameketi kwenye gogo, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwambie aje na mkunga!"

"Mzee wangu, mimi nitafungwa. Na si mimi peke yangu." Lutengano alimgeukia Bi. Zamoyoni. "Nitafungua mlango kabla hajafika, maji yapite mbele ya jukwaa ayaone. Naomba tu watu wako wasiseme yametoka wapi."

"Utaufunga lini?"

"Akimaliza hotuba. Chemchemi ya mji mkuu ikikaa bila maji siku nzima watapiga simu. Lakini akiwa anaongea hakuna anayethubutu kupiga simu."

"Ukifunga, yaliyo njiani yatafika chini?"

Lutengano alikuwa mkweli, nimeshasema. "Mfereji mkavu unakunywa wenyewe kwanza, mama. Ukifunga mapema, mchanga utayameza yote kabla ya shamba la thelathini."

Midomo ya Bi. Zamoyoni ikahesabu. Kilomita nne za mchanga mkavu: mwendo wa saa saba. "Huwa anaongea muda gani?"

"Nusu saa. Akipigiwa makofi sana, saa mbili."

"Fungua saa tatu asubuhi. Hayo makofi niachie mimi."

*

Ijumaa saa tatu Lutengano alivunja lakiri, akazungusha gurudumu la mlango. Maji yaliingia mferejini yakiwa mekundu, yakisukuma majani makavu mbele yake, yakaenda kwa mwendo wa mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Kwenye kila shamba alisimama mtu tutani. Kazi yake ilikuwa moja: maji yakifika kwake, apaze namba ya shamba lake, na wa juu yake aipokee, hadi sauti ifike jukwaani.

Waziri alifika saa nne. Sisi wanafunzi tulikwishaletwa kwa malori mawili kuja kupiga makofi. Tuliambiwa ni somo la kilimo.

Alipoona maji yanapita mbele ya jukwaa alivua miwani. "Yanazaliwa," alinong'ona, na kipaza sauti kikanong'ona naye. Nyuma ya turubai la bluu lililofunika mlango wa chuma, Lutengano alishika gurudumu kwa mikono miwili kama dereva wa basi bovu.

Hotuba ilianza saa nne na nusu.

"Ndugu wananchi! Maji ni nini? Maji ni maji. Lakini uhakika ni nini? Uhakika ni maji yaliyotulia akilini!"

Tulipiga makofi hadi viganja vikawaka. Kutoka bondeni ikapanda sauti, ikipokewa tuta kwa tuta: "Kumi na mbili!"

Waziri akasita. "Wanahesabu nini?"

Mlinzi wake akaanza kusogea tutani. Lutengano akafumba macho. Mzee Chikoti akaruka kutoka safu ya kwanza.

"Hoja zako, Mheshimiwa! Hiyo ilikuwa ya kumi na mbili! Wanaziandika huko chini!"

Nimewahi kuona watu wakipokea zawadi, lakini sijawahi kuona uso uliofurahi kama ule. "Sikujua kama zinafika huko," alisema Waziri, akageuza ukurasa.

Saa tano na robo alikunja karatasi. "Kwa hayo machache..."

"Rudia!" ilisema sauti moja kutoka upande wa wanafunzi, sauti ambayo mpaka leo uongozi wa shule haujaitambua. "Rudia ile ya akilini!"

"Rudia!" uwanja mzima ukaitika, na Bi. Zamoyoni akapiga kigelegele kilichowaamsha ndege.

Akarudia. Alipomaliza kurudia, Mzee Chikoti aliomba kwa unyenyekevu asimuliwe Mheshimiwa alizaliwaje. Hilo lilichukua saa nzima, kwa kuwa alizaliwa kwa shida. "Ishirini na tisa!" ikapanda. Bibi mmoja akaomba aelezwe tofauti ya mto na ziwa. "Thelathini na sita!" Mwenyekiti wa kijiji akauliza kama mataifa mengine yanatuonea wivu, na Waziri akayataja kwa mpangilio wa herufi, moja moja. Saa saba hakuna aliyekula. Wanafunzi wawili walizimia na kwa heshima wakahesabiwa kuwa wamesujudu. "Arobaini na saba!"

Saa nane maji yalipunguza mwendo, maana huko chini mfereji ni mpana na mchanga wake ni mwingi. Namba zikaanza kuchelewa. Kati ya hamsini na mbili na hamsini na tatu nilihesabu makofi mia tatu. Sauti ya Waziri nayo ilikuwa ikikwaruza kama mguu wa kiti sakafuni. Walimletea asali, akanywa, akakohoa, akatazama saa.

"Hamsini na nane!"

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "na hoja ya hamsini na nane iwe ya mwisho. Ahsanteni sana."

"Rudia!" tukapiga kelele.

Akatabasamu kwa uchovu, akatikisa kichwa. Tukaimba. Akatupungia mkono. Mzee Chikoti akamwuliza habari za mama yake mzazi, na Waziri akasema hajambo, basi. Hakuna sifa iliyobaki duniani tuliyokuwa hatujampa. Mlinzi alianza kukunja waya wa kipaza sauti. Kule nyuma ya turubai, Lutengano aligeuza gurudumu robo mzunguko kuanza kufunga, na sote tuliokuwa karibu tukasikia chuma kikilia.

Hapo Bi. Zamoyoni akasimama.

"Mheshimiwa, mimi nina shaka."

Ile sauti ya kuita ng'ombe haikuhitaji kipaza sauti. Makofi yalikufa yote kwa pamoja. Mama mmoja alimziba mtoto wake masikio.

"Umesemaje?"

"Nina shaka na mia moja na moja. Na ile arobaini na moja nina shaka nayo vilevile, ila hiyo angalau mtu aliloa akiitafuta."

Polisi wawili walimkamata mikono. Waziri alinyakua kipaza sauti kutoka kwa mlinzi.

"Asiondoke!" Sauti ilikuwa imerudi yote. "Mwacheni hapo hapo! Asimame, asikie! Shaka! Mbele yangu! Mbele ya watoto! Mnajua nchi hii ilitoka wapi?"

Akatueleza ilikotoka. Hotuba ya kwanza ilikuwa ya karatasi. Hii ilitoka rohoni, na rohoni mwa Waziri mlikuwa na mengi. Aliwataja waliomsaliti tangu darasa la tatu. Alipiga meza hadi chupa za maji zikaanguka. Bi. Zamoyoni alisimama kati ya polisi wawili, kichwa ameinamisha kwa adabu, sikio moja limeelekea bondeni.

"Hamsini na tisa!"

Waziri hakusikia. Lutengano alikuwa ameliachia gurudumu, anauma ncha ya shati.

"Sitini!"

Jua lilikuwa limeshageukia upande wa pili. Waziri alifika kwa adui aliyemnyima nafasi ya ukiranja. Nilimwelewa huyo adui vizuri. Jasho lilimtiririka Waziri kidevuni. Alisema "na ninyi", akasema tena "na ninyi", kisha mdomo ukaendelea peke yake bila sauti. Alijishika koo. Akaketi.

"Sitini na moja," ilisema sauti nyembamba kutoka mbali sana.

Hakuna aliyepiga makofi. Simu ya mlinzi ikalia, Chemchemi imekauka, naye akalifunua turubai na kumwonyesha Lutengano kwa kidole, Mheshimiwa asijue: funga. Lutengano alizungusha mara moja, akapangusa mikono kwenye suruali. Akazungusha tena, akakagua kiatu. Nimeona watu wakivuta muda katika mtihani, lakini yule alivuta muda kama mtu anayevuta gari. Mwishowe mlango ukagonga chini, na maji mbele ya jukwaa yakaanza kushuka.

Sitini na mbili haikuja.

*

Yaliyofuata niliambiwa na Koplo Mashauri, mmoja wa wale polisi wawili, miezi mingi baadaye, naye alinisimulia akitazama pembeni.

Kosa liliandikwa: kutoa shaka hadharani. Koplo alikabidhiwa mtuhumiwa, gari na daftari. Alielekezwa kuandika kila neno la shaka atakalolisema njiani, liwe ushahidi. Njia ya kwenda kituoni inafuata mfereji hadi mwisho.

Bi. Zamoyoni hakulia wala hakuomba. Alitazama mferejini tu. Shamba la arobaini, maji yalikuwa membamba kama kamba. La hamsini, mchanga ulikuwa unayanywa kingoni na kuacha povu. Kwenye shamba la sitini na moja, mke wa Mzee Chikoti alikuwa amepiga magoti kwenye tope, akiziba kwa mikono tundu la kuingizia maji katika shamba lake mwenyewe, na shamba lake lilikuwa halijajaa hata nusu. Aliliona gari, hakusimama.

"Mwanangu," alisema Bi. Zamoyoni, "simama kidogo."

"Siruhusiwi, mama."

"Najua."

Koplo akasimama. Akazima injini, sijui kwa nini, naye hajui. Ndipo wakasikia. Kwenye kona ya shamba la sitini na mbili maji yalikuwa yanaingia, upana wa kiganja, yakiujaza ufa mmoja, yanangoja, yanahamia ufa mwingine. Mtu aliyewekwa pale tutani kupaza sauti alikuwa amesimama mdomo wazi, hajui kama hayo yanahesabika kuwa yamefika.

Walikaa wakiyatazama. Koplo, ambaye kwao walikuwa wakulima kabla serikali haijampa kofia, aliona mashuke yalivyosimama wima, na akajua kwamba kusimama huko hakumaanishi chochote.

"Yatatosha, mama?"

Bi. Zamoyoni aliangalia maji, akaangalia jua, akaangalia mpunga wake wa mwaka mzima.

"Sijui," alisema.

Daftari lilikuwa wazi gotini kwa Koplo, na kalamu mkononi. Neno hilo hakuliandika.

"Hata mimi sijui," alisema Koplo Mashauri, na hilo nalo hakuliandika.